Jumapili imekuwa siku yangu ya kazi, na nyimbo zimenikauka

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 38, nimeolewa, nina watoto watatu, tunaishi Morogoro. Nafundisha hisabati sekondari. Parokiani kwetu mimi ni mwalimu wa kwaya kwa mwaka wa 9 sasa, na nyimbo za misa nilianza kuzitunga nikiwa kidato cha pili. Nina nyimbo 27 zilizokamilika, sauti zote nne. Chache zimetoka nje ya parokia yetu. Mwaka fulani nilikwenda msibani Ifakara nikakuta kwaya ya kigango inaimba wimbo wangu wa matoleo. Hakuna aliyenijua. Nilisimama nyuma nikaimba nao sauti ya pili, machozi yananitiririka, watu wakadhani nalilia marehemu.

Huu ni mwezi wa 14 sijamaliza wimbo hata mmoja.

Nyimbo zenyewe zinanijia, ila zinakuja saa isiyo yake. Naamka saa kumi na nusu alfajiri, nawasha jiko, nabandika uji wa mdogo. Pale ninapokoroga, mkono unazunguka na mwiko, ndipo kiitikio kinakuja kizima, na besi yake naisikia. Nachukua simu narekodi. Sasa hivi nina rekodi 63. Karibu zote hazifiki dakika moja: utasikia naimba, utasikia mlango, utasikia sauti ya mtoto, "Mama, soksi yangu moja haipo," kisha kimya. Usiku nikizisikiliza ni kama aliyeimba ni mtu mwingine ambaye alikuwa na furaha. Juzi simu ilijaa. Mume wangu akaniambia nifute hizo za jikoni. Sikufuta, lakini kidole kilikuwa kimeshafika.

Mchana niko darasani. Kidato cha nne wana mtihani wa taifa Novemba, kwa hiyo Jumamosi asubuhi kuna masomo ya ziada. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi jioni ni mazoezi ya kwaya. Jumapili tunaimba misa mbili, nafika nyumbani saa saba, nafua sare za shule. Usiku nasahihisha madaftari mpaka nasinzia kalamu mkononi.

Mume wangu ni fundi umeme, mtu mwema. Nikilalamika hunijibu, "Wewe tunga tu, kwani nimekuzuia?" Na kweli hajanizuia. Mama mkwe tunaishi naye tangu mwaka jana, na siku moja alisema mbele ya wageni kwamba wimbo hauliwi. Nilinyamaza, nikaenda jikoni.

Marehemu baba yangu naye alikuwa mwalimu wa kwaya. Ndiye aliyenifundisha solfa, akiandika do, re, mi kwa mkaa kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba. Alikuwa akisema: Bach, yule mtunzi Mjerumani wa zamani, alikuwa na watoto 20 na kila wiki alitoa wimbo mpya wa kanisani, kwa hiyo asije mtu hapa akasema amekosa nafasi. Kila nikifungua daftari, namsikia.

Sasa Oktoba parokia yetu inatimiza miaka 50. Paroko aliniomba wimbo wa jubilei, nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Imebaki miezi minne. Nina mistari miwili.

Nikikaa na daftari naona nawaibia watoto wangu. Nikikaa na watoto naona namwibia Mungu, maana karama ni yake, na mfano wa yule mtumishi aliyefukia talanta naufahamu vizuri. Kanisani ndiyo kabisa: nahesabu mapigo, naangalia nani wa besi hajafika, na baada ya komunyo, wenzangu wamepiga magoti, mimi natafuta karatasi ya wimbo wa shukrani. Hata sikumbuki mara ya mwisho nilisali lini.

Je, niache kwaya? Nisubiri watoto wakue ndipo nitunge? Au ni mvivu tu nisiyejua kupanga muda? Nisaidie, Shangazi.

Mwenye daftari lililofungwa, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimesimama jikoni kwangu. Mimi si mtunzi, lakini nimekaa benchi la sauti ya pili kwa miaka mingi, kwa hiyo najua ile kazi mwalimu anayoifanya wakati sisi wengine tumeshakwenda kunywa chai.

Umeniletea swali la muda. Umenihesabia siku za juma moja moja, kama mwalimu wa hisabati ulivyo, na hesabu yako ni sahihi: siku zako zimejaa. Mtu anayeamka saa kumi na nusu, anayefundisha, anayeongoza mazoezi mara tatu kwa wiki na anayelala kalamu ikiwa mkononi, sijui ni nani angemwita mvivu. Hilo neno nakuomba tuliweke pembeni, kwa kuwa ukilishika litakuzuia kuona mengine.

Lakini kuna sentensi uliyoiweka mwishoni kabisa, kama mtu anayetaja jambo akiwa ameshashika kitasa cha mlango. Ulisema hukumbuki mara ya mwisho ulisali lini. Halafu ukaruka haraka kwenda kwenye maswali. Mimi ningependa turudi hapo.

Nyimbo unazotunga ni sala. Maneno yake unayatoa kwenye zaburi na masomo, na sauti yake, kwa jinsi ulivyonieleza, inatoka mahali pa shukrani. Sasa jiulize: mtu ambaye kila Jumapili anasimama ameipa altare mgongo, macho yake yako kwa kwaya, akili yake iko kwenye pigo la pili la ubeti wa tatu, yeye anachota wapi? Sisi waumini wa kawaida Jumapili tunapumzika. Tunakaa, tunasikiliza, hata kama padre anahubiri kwa muda mrefu kuna neno moja unaondoka nalo. Wewe Jumapili ndiyo siku yako nzito kuliko Jumatatu. Amri ya kupumzika siku ya Bwana imekupita kando kwa sababu uko kazini kwa Bwana mwenyewe. Mapadre hupanga siku za mafungo, huondoka kabisa parokiani wakaenda kunyamaza. Walimu wa kwaya sijawahi kusikia wamepangiwa. Inaniuma kwa niaba yako na kwa niaba ya wote wanaoshika fimbo ya kuongozea.

Simaanishi kwamba hili ndilo jibu lote. Huenda nimekosea, na wewe ndiye unayejua. Ila jaribu kufikiri: hizo rekodi 63, ulisema zinakuja wakati unakoroga uji, kabla nyumba haijaamka. Je, haiwezekani kwamba hiyo ndiyo dakika pekee katika siku yako ambapo hakuna anayekudai? Huhesabu mapigo ya mtu. Huangaliwi. Pengine jikoni ndiko unakosali siku hizi, na hukujua.

Sasa nizungumze juu ya maneno ya baba, Mungu amrehemu. Aliyachora ndani yako kwa mkaa uleule wa ukutani, ndiyo maana hayafutiki. Na alikuwa sahihi kwa sehemu. Bach alipofika Leipzig, mji wa Ujerumani, mwaka 1723, miaka yake ya mwanzo alitunga kazi mpya karibu kila Jumapili. Lakini mwanangu, hiyo ndiyo iliyokuwa ajira yake. Alilipwa kwa hiyo. Hakutoka kwanza kufundisha hisabati. Na wale watoto 20 walizaliwa na wake wawili, na ni 10 tu waliofika utu uzima, kwa hiyo ile nyumba tunayoitolea mfano ilizika watoto 10. Watoto 13 kati ya hao 20 aliwazaa mke wa pili, Anna Magdalena, ambaye kabla ya uzazi wote huo alikuwa mwimbaji wa kulipwa kwenye jumba la mtawala. Akiwa mkewe alinakili nota za mumewe kwa mkono, kurasa kwa kurasa, na wanawe wakubwa na wanafunzi walinakili pia. Baba yako alikuonyesha mtu mmoja aliyekaa mezani. Nyumba iliyoisimamisha meza ile hakuitaja, na nadhani hata yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa nani alikuwa anapika wakati anawafundisha wanakwaya wake. Wewe, kwa bahati mbaya, umejipa kazi ya Bach na ya Anna Magdalena kwa wakati mmoja, kisha unajiuliza kwa nini umechoka.

Kuna jambo jingine juu ya Bach ambalo ningetamani baba angekuambia. Hakutunga kila kitu upya. Muziki wake mkubwa wa Krismasi wa mwaka 1734, sehemu nyingi alizitoa kwenye nyimbo alizokwisha kuzitunga mwaka uliotangulia kwa ajili ya sikukuu za kuzaliwa za familia ya mtawala. Akachukua sauti zilezile, akazivika maneno ya Noeli. Hakuna aliyemwita mvivu kwa hilo. Wewe una nyimbo 27.

Hapa ndipo naona njia mojawapo kuhusu jubilei. Unaweza kwenda kwa paroko ukamwambia ukweli: "Baba, nilisema ndiyo haraka, wimbo mpya kabisa sina, lakini naweza kuchukua wimbo wa matoleo ambao waumini wanaujua, nikauandikia beti mpya za miaka 50 ya parokia hii." Uzuri wake ni kwamba siku ya sherehe kanisa zima litaimba, kwa sababu sauti wanayo tayari. Hatari yake ni kwamba moyoni unaweza kujiona umedanganya, na kama utajiona hivyo, kila mazoezi yatakuwa mwiba. Unaweza pia kuomba mtu mwingine aandike maneno, wewe ubaki na sauti. Kwenye parokia yenye miaka 50 hakosekani katekista mstaafu anayejua nani alichimba msingi na nani alibeba maji. Au unaweza kusema hapana. Najua neno hilo likoje mdomoni mwa mwanamke wa kanisani. Paroko anaweza kununa kidogo, wanakwaya watanong'ona, na wewe utalala usiku ule vibaya. Lakini pia unaweza kulala vizuri usiku unaofuata. Sijui ipi inakufaa. Ninalokuomba ni uchague moja mapema, miezi minne ikiwa bado minne, kwa sababu kinachokutesa sasa ni ile ndiyo uliyoitoa kabla ya kuisikia.

Juu ya kuacha kwaya. Umeuliza kama vile kuna milango miwili tu, kubaki au kuondoka. Nafikiri kazi zako pale kanisani ni mbili na umezifunga kitambaa kimoja: kuna kutunga na kuna kuongoza. Je, kuna mtu pale anayeweza kushika fimbo kwa kipindi, tuseme kutoka jubilei mpaka Majilio, wewe ukakaa benchi katikati ya waumini, na watoto wako pembeni? Hebu jione: misa inaanza, mtoto mdogo amelala kwenye mapaja yako, na kazi yako ni kuitikia tu. Lina hatari zake, sikufichi. Kwaya inaweza kumpenda msaidizi wako. Inaweza pia kulegea, na utakaporudi ukaanza tena kuwafundisha kuhesabu. Wapo watakaosema umerudi nyuma kiimani. Na hatari kubwa kuliko zote ni kwamba unaweza kukaa benchi wiki nane na wimbo usije, ukabaki bila kisingizio cha muda. Ulifikirie hilo kabla, ili lisikuvunje likitokea. Wiki nane za kusali tu, hata bila wimbo, kwa mtu wa miaka 9 mbele ya kwaya, mimi sizioni kuwa hasara.

Nije nyumbani. Mumeo anasema hajakuzuia, na wewe unakubali kwamba kweli hajakuzuia. Lakini kuna umbali kati ya kutomzuia mtu na kumpisha. Huenda yeye kwa dhati anaamini kwamba kutokukataza ndiyo msaada wote unaouhitaji, maana hakuna siku umemwambia kingine. Unamlalamikia uchovu, naye anakujibu kwa ruhusa. Ungemwomba kitu chenye saa na mahali? "Baba nanihii, Jumatano jioni kuanzia saa moja mpaka saa mbili, chakula na kazi za shule za watoto ni zako, mimi niko chumbani na daftari, na mtoto akigonga mlango umwite wewe." Yeye ni fundi umeme, anaelewa kazi inayotaka mtu asimguse akiwa kwenye nyaya. Mwelezee hivyohivyo. Anaweza kukubali wiki ya kwanza na kusahau ya tatu. Linaweza hata kuleta maneno, kwa kuwa kazi ambazo hazijawahi kutajwa zikitajwa huonekana nyingi ghafla. Chagua siku mkiwa mmeshiba na hamna deni la ada mezani.

Mama mkwe nitapita haraka. Alisema wimbo hauliwi, na mbele ya wageni, na uliumia. Sijui moyo wake. Lakini wazee wengi walioishi na njaa huisikia njaa kila mahali. Siku moja mwombe akuimbie wimbo aliobembelezewa na mama yake. Muulize tu, uone uso wake.

Sasa watoto, ambao unasema unawaibia. Hapa natamani nikushike mkono. Unafundisha sekondari, kwa hiyo mtakuwa mnapishana na walimu wa Kiswahili ofisini, waulize juu ya Mwana Kupona. Alikuwa mjane wa mtawala wa Siyu, mji wa kisiwa cha Pate, anaumwa, na mwaka 1858 akamtungia binti yake utenzi ambao tunausoma mpaka leo. Mwanzoni kabisa anamwita binti asogee karibu, alete wino na karatasi. Mtoto ndiye aliyeleta wino! Hakuwa amefungiwa nje ili mama atunge. Sikuambii kila siku itawezekana hivyo. Mtoto anayetafuta soksi saa kumi na mbili asubuhi hana habari na utenzi. Wala sitaki umgeuze mwanao mkubwa kuwa karani wako, watoto wana kuchoka kwao. Lakini ile dhana kwamba kila dakika ya daftari imechomolewa mfukoni mwa mtoto, ungeipima tena? Wewe mwenyewe ulijifunza solfa kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, baba yako akiwa na mkaa mkononi. Siku ile ulijiona unaibiwa?

Na yule mtumishi wa talanta. Ukisoma tena Mathayo 25 utaona kwamba yeye mwenyewe anajieleza: aliogopa, ndiyo maana akaenda kufukia. Hofu ndiyo iliyochimba shimo. Nakutajia hili kwa sababu barua yako imejaa hofu ya kumkosea Mungu, kuwakosea watoto, kumkosea baba aliyekwisha lala. Mtu mwenye rekodi 63 hajafukia kitu. Amepanda mbegu jikoni na hajapata mvua.

Umeuliza kama usubiri watoto wakue. Wapo waliosubiri na ikawa vyema, wakarudi na sauti nzito zaidi. Wapo waliosubiri wakakuta mkono umesahau. Kati ya hayo mawili kuna kutunga kidogo: kiitikio cha zaburi ya Jumapili moja, mistari miwili, sauti moja tu, bila alto, bila besi, bila mtu kuomba. Kazi ya namna hiyo inaingia kwenye Jumatano ya saa moja.

Jambo la mwisho ni la mwili. Saa zako za kulala kwa hesabu yangu hazifiki sita, na umenitajia machozi na lile la kujisikia kama aliyeimba ni mtu mwingine. Kama huzuni hiyo inakaa siku nyingi mfululizo, hata likizo ikifika haiondoki, mwone daktari. Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Kwenda hospitali hakupunguzi imani ya mtu.

Na hizo rekodi, nakusihi, usizifute. Nunua memori kadi, uzihamishe zote hata zile zilizokatika. Halafu Jumapili moja jioni, sare zikiwa kambani, kaa na mwanao mkubwa mzisikilize kuanzia ya kwanza. Usiandike kitu. Ukifika kwenye ile ya soksi, acha iende mpaka mwisho, kisha uniandikie tena. Nataka kujua kiitikio kile kilikuwa kinakwendaje kabla mlango haujafunguliwa.